Aliyetangulia Kufa Ni Nani?

Anayekwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi hudhani ataulizwa mali. Ataulizwa, lakini baadaye. Kwanza ataulizwa mtu: marehemu jina lake kamili nani, alifariki lini, ameacha nani. Ataambiwa alete cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Karani ataziweka karatasi hizo sambamba, na akikuta Issa huku na Isa kule, atazirudisha zote. Hapa Newala, ambako mirathi nyingi ni mikorosho, watu hunung'unika kwamba huo ni usumbufu. Mikorosho inaonekana, na kila jirani anamjua aliyeipanda. Tarehe ya nini?

Tarehe ndiyo kesi yenyewe. Tuseme baba na mwanawe wa kwanza wamefariki wiki moja, na waliobaki ni wadogo wa kiume wa yule mwana, mjane wake na watoto wake. Kwa sharia ya Kiislamu, ikiwa baba ndiye aliyetangulia, mwana alikuwa hai baba alipokata roho. Fungu lake la mikorosho limekwisha kuwa lake, hata kama siku hiyo alikuwa kitandani hajitambui, na alipofuata yeye, mjane anapata thumuni na watoto wanapata chao. Ikiwa mwana ndiye aliyetangulia, hakurithi kitu kwa baba, na watoto wake wanazuiliwa na ami zao. Na ikiwa hakuna ajuaye nani alianza kwenda, hakuna kati ya wawili hao anayemrithi mwenziwe. Mayatima wanaweza kushiba au kulala njaa kwa sababu ya saa mbili za usiku ambazo hakuna aliyeziandika.

Kadhi ni mtu aliyezeeka na swali hilo. Ndiyo maana naona tunamsoma kwa haraka Sheikh Abdallah Saleh Farsy tunapomtaja kama mwandishi wa tarehe aliyepata pia kuwa kadhi, kana kwamba kazi mbili zilikutana ndani yake kwa bahati. Ukikaa na vitabu vyake taratibu unaona kalamu ni ile ile. Aliyekuwa akiuliza barazani ndiye anayeuliza kitabuni, na anauliza mambo yale yale kwa mpango ule ule.

Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alikuwa mwalimu wa shule kwanza, kisha katika miaka ya 1960 akawa kadhi huko huko Unguja. Mwaka 1967 akahamia Kenya, na mwaka uliofuata akashika ukadhi mkuu wa nchi hiyo. Wengi wetu huku kusini tunamjua kwa tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili, Qurani Takatifu, iliyotoka kamili mwaka 1969. Mimi humrudia zaidi katika kitabu chembamba kilichochapwa Mombasa mwaka 1972, Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Tangu jina lake kitabu kina adabu ya kadhi: baadhi. Hakudai kuwamaliza. Anataja wale ambao ushahidi wao umemfikia.

Mpango wa habari ya mtu mmoja mle ndani haubadiliki sana. Jina, jina la baba, la babu, na kabila au mji wa asili. Alizaliwa wapi na mwaka gani. Alisoma kwa nani, na katika hao ni yupi aliyemshika zaidi. Alisafiri kwenda wapi kutafuta elimu: Makka, Hadhramaut, Misri. Alishika kazi gani. Nani walisoma kwake. Alifariki lini, na mara nyingi utapata mwaka wa Kiislamu na wa Kizungu pamoja. Msomaji asiye na subira ataona anasoma orodha, na kwa muda mrefu sikumlaumu mtu aliyeona hivyo. Lakini jaribu kukinyoosha kidole chako kwenye jina moja na kulifuata. Mwanafunzi katika ukurasa huu ni mwalimu katika ukurasa ule. Aliyetajwa kama mwana wa fulani anarudi mbele na habari yake mwenyewe. Maisha haya yamepitana kama miyaa ya mkeka, huu unaingia chini ya ule, na ukitaka kuuchomoa mmoja unaona ni mingapi iliyoushikilia.

Hapo ndipo ulipo ufundi, na ni ufundi wa kupima mashahidi. Chukua vigogo wake wawili, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Wa kwanza alizaliwa Ngazija mwaka 1861, na kabla ya ukadhi alikuwa mtu wa bahari, nahodha. Alikuwa kadhi Unguja zama za Sultani Sayyid Barghash, wakakosana, akaondoka kwenda hadi Istanbul, na hakurudi Unguja mpaka mwaka 1888 Barghash alipokwisha kufa. Wa pili alikuwa mtu wa Lamu aliyekuja kufungua darasa Ukutani mjini Unguja, na safari zake zilimfikisha Java, na Cape Town alikokwenda kuwasuluhisha Waislamu waliokuwa wakigombana. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Farsy wakati huo alikuwa kijana wa miaka 13.

Fikiria maana yake kwa mwandishi. Watu hao wawili ndio nguzo za kitabu, naye hakukaa darasani kwao akiwa mtu mzima wa kupima maneno. Alichonacho ni wanafunzi wao. Akawageukia hao: aliyesoma kwa Bakathir, aliyehudhuria darasa la Ibn Sumait, na Sayyid Omar, mwana wa Sayyid Ahmad, aliyekuwa mmoja wa masheikh wake na kadhi naye. Kila habari imetoka kwa mtu aliyekuwepo, au kwa aliyeambiwa na mtu aliyekuwepo. Barazani kwa kadhi hilo ni swali la mwanzo kwa kila shahidi: uliona mwenyewe au ulisikia? Ukisema ulisikia, ulisikia kwa nani? Na huyo uliyemsikia, watu wanamjuaje? Mwandishi mwingine angetuma barua kwenye makavazi ya serikali, na si vibaya, yapo mambo mengi humo. Farsy aliwaendea watu, kwa sababu mafunzo yake yote yalimwambia kwamba karatasi isiyo na mtu nyuma yake haisimami.

Hakuanza kazi hiyo uzeeni. Katika miaka ya 1940 alikwisha kutoa kitabu juu ya Imamu Shafii na wanavyuoni wakubwa wa upande huu wa Afrika, na mwaka 1942 kingine juu ya Seyyid Said bin Sultan. Kwa hiyo alikuwa na habari hizi tangu wazee wa Unguja wapo, akazihifadhi, akaongeza, akasahihisha, na kufikia mwaka 1972 alikuwa anaandikia Kenya, Unguja ikiwa imepita mapinduzi na wanavyuoni wake wengi wametawanyika kwenda Mombasa, Ngazija na Arabuni. Kuna kurasa mle ambazo, kama angengoja miaka mingine kumi, asingempata mtu wa kumuuliza.

Jambo jingine linalonifanya nimvulie kofia ni kwamba aliandika Kiswahili. Mmoja wa waliomtangulia katika ukadhi mkuu wa Kenya, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa na kalamu kali ya Kiswahili katika magazeti yake. Lakini alipokaa kuandika tarehe ya ukoo wake wa Mazrui wa Mombasa, aliiandika Kiarabu. Ndivyo heshima ya elimu ilivyotaka. Farsy aliwatoa wanavyuoni katika Kiarabu akawaleta kwenye lugha anayoisoma dereva wa lori na mama muuza samaki, na hakuona kwamba wamepungukiwa. Kiswahili chake katika habari hizi ni cha Unguja mjini, sentensi fupi, kimekaza, hakina mapambo. Pale anapoweza kumaliza kwa maneno sita hatumii saba. Nadhani hili nalo ni tabia ya hukumu. Hukumu ndefu humpa mshindwa mahali pa kuingilia.

Farsy hakuubuni mtindo huu, na hakudai hivyo. Ni mtindo wa zamani sana, na aliyeufikisha kileleni alikuwa kadhi wa Kishafi kama yeye.

Ahmad bin Muhammad bin Khallikan alizaliwa Irbil, katika Iraki ya leo, mwaka 1211. Alisoma Halab, Mosul na Damaski, akahamia Kairo akawa naibu wa kadhi mkuu. Mwaka 1256, akiwa huko Kairo, alianza kitabu ambacho ukikitia Kiswahili jina lake linaanza na vifo: vifo vya watu mashuhuri. Mwaka 1261 Sultani Baybars akamfanya kadhi mkuu wa Damaski. Kazi ikamlemea, kitabu kikasimama. Baadaye Baybars akaweka makadhi wakuu wanne, mmoja kwa kila madhehebu, mamlaka ya Ibn Khallikan yakapunguzwa, na mwaka 1271 akaondolewa kabisa. Akarudi Kairo, akakaa huko kama miaka saba bila cheo kile, na humo ndani, mwaka 1274, akakimaliza kitabu. Siombei mtu afukuzwe kazi, lakini sisi wasomaji tulinufaika. Alirudishwa Damaski, akaondolewa tena, akafariki mwaka 1282.

Watu zaidi ya 800 wamo katika kitabu hicho: wafalme, mawaziri, washairi, mafakihi, wanasarufi, matabibu. Wamepangwa kwa herufi za majina, jambo ambalo leo twaliona la kawaida kwa kuwa tumezaliwa tukalikuta. Lakini kanuni yake kubwa ni ile iliyo katika jina. Hakumwingiza mtu ambaye hakuweza kuujua mwaka wake wa kufa. Masahaba aliwaacha, kwa kuwa walikwisha kuandikiwa vya kutosha, na makhalifa vile vile, ila wachache. Waliobaki walitakiwa walete, tuseme, cheti. Mtu angeweza kuwa mshairi aliyeimbwa kutoka Baghdad hadi Andalusia. Bila kifo kinachothibitika, anabaki nje ya mlango.

Nilipoijua kanuni hiyo mara ya kwanza niliiona ya ukatili kidogo. Baadaye nikaona hekima yake. Siku ya kuzaliwa, hasa katika zama zile, ilijulikana na mama na mkunga. Mtoto hakuwa mtu bado mbele ya dunia. Siku ya kufa mtu mkubwa ina mashahidi wengi: waliomwosha, waliomswalia, waliochimba, waliogawana mali. Ukiupata mwaka wa kifo umepata msumari mmoja uliokwenda ndani ya ukuta, na mengine yote ya maisha yake unaweza kuyatundika hapo. Fulani alisoma kwa fulani? Tazama vifo vyao. Ikiwa mwalimu alikufa mwanafunzi akiwa na miaka minne, ama kuna uongo, ama kuna ijaza ya mtoto. Na ijaza ya mtoto ilikuwepo: Ibn Khallikan mwenyewe ameandika kwamba alipata ijaza ya mwanamke wa Nishapur, Zaynab bint al-Shaari, wakati ambapo yeye hata miaka mitatu hajatimiza. Mkono mkongwe ulimpa mtoto mchanga ruhusa ya kupokea, ili mnyororo uwe mfupi. Anaweka habari hiyo wazi, na mwaka wake, ili asije mtu kesho akadhani alisafiri hadi Nishapur.

Kuna jambo lake jingine ambalo makarani wetu wangelipenda. Akiisha kueleza maisha ya mtu, mara nyingi humalizia kwa kulitamka jina lake herufi kwa herufi: hii ina fataha, hii ina sukuni, hii imekazwa, na nukta ni ngapi. Katika maandishi ya Kiarabu nukta moja ikianguka, mtu wa mji mmoja anakuwa wa mji mwingine, na wanavyuoni wawili wanageuka mmoja. Na pale habari mbili zinapogongana juu ya mwaka wa kufa, haifichi dhaifu. Anaiandika hii, anaiandika na ile, anasema ipi iliyo sahihi zaidi kwake, kisha anamwachia Mungu ujuzi. Ukisoma harakaharaka utadhani ni utovu wa msimamo. Kumbe ni jalada la kesi, na hakimu mwenye akili hachani ushahidi wa upande ulioshindwa.

Sasa nirudi juu ya uwanda wetu wa Newala, kwa sababu hapa ndipo ninapoishi, na kutoka hapa ndipo ninapoona vizuri nguvu ya kalamu ya kadhi na mahali inapopungukiwa.

Wamakonde hawakuwa na kadhi, walikuwa na mkulungwa. Aliyefyeka kichaka mara ya kwanza na kuanzisha makazi, yaani chirambo, au aliyeshika nafasi yake baada yake, ndiye aliyeamua ugomvi wa mipaka na wa ndoa, na ndiye aliyejua nani alikuja lini na kutoka wapi. Hukumu na tarehe vilikaa kichwani mwa mtu mmoja hata kabla Uislamu haujapanda huku kutoka Lindi na Mikindani. Ila hesabu yake ilipita njia nyingine. Mtoto ni wa litawa, yaani ukoo, la mama yake. Mzee akikuhesabia ukoo wake anaanza na bibi mzaa mama, dada za bibi, kaka zao, kisha anashuka kwa mabinti. Baba anatajwa kwa heshima, lakini hesabu haishuki kupitia kwake.

Mweke Farsy hapo. Safu yake yote ni bin, bin, bin. Kadhi yule yule ambaye mchana, katika mirathi, haruki binti hata mmoja, kwa kuwa akimruka hesabu yote ya mafungu imeharibika, usiku akishika kalamu ya tarehe hawaoni tena mabinti hao. Wanaozijaza kurasa zake ni wanaume na watoto wao wa kiume. Ibn Khallikan, miaka 700 kabla yake, aliwapa nafasi Rabia wa Basra, Sayyida Nafisa wa Misri, Shuhda mwandishi wa hati za Baghdad; si wengi, lakini wamo. Mtu wa Newala akisoma wanavyuoni wa Farsy anajikuta anauliza kila mara: mama yake nani? Si kwa ubishi, ni kwamba bila hilo hajui bado huyo mtu ni wa nani.

Na kuna pengo la pili. Kitabu kimeelemea visiwa na miji ya pwani: Unguja, Lamu, Mombasa, Barawa, Ngazija. Mwalimu aliyefundisha juzuu chini ya mwembe huku juu, akawaingiza vijana wa vijiji kadhaa katika dini, hana mlango mle. Simlaumu sana. Alisema baadhi, na mashahidi wake walikuwa pwani. Lakini tazama jirani zetu wa Masasi. Misheni ya Kianglikana iliingia Masasi mwaka 1876, Wangoni wakaivamia mwaka 1882, na baada ya hapo Chauncy Maples akaihamishia Newala, kwa chifu Matola. Wamisionari waliandika kila kitu: barua, shajara, daftari za ubatizo na za mazishi. Kwa hiyo Mkristo wa kawaida wa zama zile anaweza kuwa na tarehe mbili za uhakika, na shehe aliyekuwa na wanafunzi tele hana hata moja.

Mwaka 1906 alikuja Newala Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, vita vya Maji Maji havijapoa. Alikaa hapa wiki kadhaa na kamera na mashine yake ya kunasa sauti, akilalamikia upepo wa jioni, malalamiko ambayo yeyote aliyelala Newala mwezi wa Julai atamsamehe. Kitabu chake cha mwaka 1908 kinaeleza ufinyanzi, nguo za magome ya miti, makomeo ya milango, unyago. Ni hazina. Lakini Weule alikuja kutafuta desturi, na kwake mzee mmoja angeweza kushika nafasi ya mwingine alimradi anaijua desturi ile ile. Kwa kadhi hakuna wa kushika nafasi ya mwenzake. Kila marehemu ana warithi wake. Hata kadhi msafiri Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331 na kuona watu waliochanjwa nyuso (bibi zetu wa uwandani walikuwa na chale za namna yao, sisemi zaidi ya hapo), hakuishia kwenye nyuso. Aliandika sultani wa Kilwa anaitwa nani, anajulikana kwa lakabu gani, na kwa nini.

Wapo wasemao kwamba kitabu cha Farsy ni sifa tupu za watu wema. Randall Pouwels, aliyekitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1989, aliligusa hilo hata katika jina aliloipa tafsiri yake. Kuna ukweli. Wanavyuoni wake hawagombani sana, na karama zinapita bila kuhojiwa kama anavyohoji tarehe. Lakini kuna jambo wakosoaji hulipita upesi. Farsy katika uzee wake alikuwa mkali dhidi ya mambo mengi aliyoyahesabu bidaa, akaandika vijitabu na kubishana hadharani. Masheikh wengi aliowaandika walikuwa watu wa tarika, wa dhikri na wa maulidi. Angeweza kuwapunguzia. Angeweza kumpa mtu mistari miwili pale alipostahili kurasa mbili, na nani angejua? Hakufanya hivyo. Mtu ambaye njia yake aliikataa anapewa walimu wake wote, wanafunzi wake wote, na siku yake ya kufa. Katika kesi, asiyekubaliana nawe bado anagawiwa fungu lake kamili, na anayejua ugumu wa jambo hilo ni aliyewahi kuligawa.

Farsy mwenyewe aliondoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenda Oman, na huko Muscat akafariki mwaka 1982. Kwa watu wa huku juu waliobaki nje ya kitabu, kazi haijafungwa, ila ni ya mkono zaidi. Hapa mtu hakufa mwaka fulani; alifariki zama za jambo fulani. Alifariki wakati wa ile barua iliyodaiwa kutoka Makka, iliyozunguka Lindi na kuwatia Wajerumani wasiwasi: huo ni mwaka 1908. Alifariki watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa: hiyo ni miaka ya kwanza ya 1970. Tuseme basi mzee mmoja anakwambia shehe wa kijiji chao alifariki Wareno wakiwa bomani Newala. Umeshika kitu kizuri sana. Wareno walivuka Ruvuma, wakaliteka boma mwishoni mwa Oktoba 1916, na mwishoni mwa Novemba Wajerumani wakawatoa. Umebakiwa na mwezi mmoja hivi. Ukiuweka juu ya kalenda ya Kiislamu unakuta unalala karibu wote ndani ya Mfungo Nne wa mwaka 1335, ulioanza siku zile zile walipoingia.

Kisha anakuja mzee wa pili, wa ukoo wa mke wa shehe, anasema la, yeye aliambiwa na mama yake kwamba ilikuwa Mfungo Tano, na mvua za kwanza zilikwisha kunyesha, maana kaburi lilichimbwa kwa urahisi. Mvua zetu huanza Novemba kuelekea Desemba, haikatai. Ila Mfungo Tano unawaachia Wareno siku chache tu za mwisho, siku ambazo boma lilikuwa limezingirwa na watu wamekimbilia vichakani. Ama shehe alizikwa katika fujo hiyo, na hapo mtu angeikumbuka fujo yenyewe kabla ya ulaini wa udongo. Ama mama alihesabu mwezi kutoka siku ya arobaini badala ya siku ya kifo. Kalamu ya Ibn Khallikan ingeziandika kauli zote mbili, ikaegemea ya kwanza. Kalamu ya Farsy isingeandika bado. Ingetaka kujua kwanza aliyemwosha maiti alikuwa nani, na mjukuu wake anakaa kijiji gani.